Mstari Ndani ya Chumba cha Mama

Siku baba mkubwa alipoziba njia ya uani kwa ukuta wa matofali, Kiroboto alikula yamini kwamba atamwonyesha cha mtema kuni. Hakusema kwa sauti. Alimwangalia tu fundi akipanga tofali la mwisho, akamwangalia baba mkubwa aliyesimama kando kama mkaguzi, akaingia ndani.

Jina la Kiroboto alipewa na marehemu baba yake, kwa kuwa alikuwa binti mdogo wa umbo asiyejua kutulia. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, bado mdogo wa umbo, na chuki aliyokuwa nayo kwa kaka wa baba yake ilimzidi kimo. Miaka yote mama yake alikuwa akienda barabarani kwa kukatiza uani kwa shemeji yake, hatua thelathini tu. "Uani kwangu si kituo cha mabasi," alisema baba mkubwa, na ukuta ukapanda. Mama, mwenye goti bovu, ikambidi azunguke nyuma kwa kufuata ukingo wa mtaro. Wiki ya pili aliteleza, akavunjika mkono. Baba mkubwa alitoa pole kwa simu. Kwa simu! Mtu anayekaa upande wa pili wa ukuta!

Kiroboto alikuwa mfanyakazi wa duka la fotokopi. Mwenye duka, mwanamke mcheshi, alimruhusu kutumia kompyuta ya dirishani mchana, wateja wanapopungua. Hapo ndipo alipojiandikisha kwenye kozi ya bure ya mtandaoni ya kutengeneza ramani. Mwalimu wa kwenye video alikuwa na kikohozi na subira ya ajabu. Alifundisha kupanga matabaka: chini kabisa picha ya setilaiti, juu yake barabara, juu ya barabara viwanja, mithili ya karatasi za plastiki zilizolazwa moja juu ya nyingine. Wanafunzi wenzake walichora mito na shule. Yeye alikuwa na kiwanja kimoja tu kichwani.

Alikwenda ofisi ya ardhi mara tatu mpaka akapewa nakala ya ramani ya kiwanja chao, yenye namba za pembe zote nne. Akaziingiza moja moja, akihakiki kila tarakimu mara mbili. Alipobonyeza, pembe zikaungana kwa mstari mwekundu juu ya picha ya mtaa wao, na ukuta wa baba mkubwa ukaonekana waziwazi, ukiwa umeingia ndani ya mstari. Akapima kwa kipanya. Mita nne.

Alicheka peke yake hadi mwenye duka akaja kuchungulia.

"Injinia, umeposwa nini?"

"Nimemkamata mwizi, bosi."

Somo la saba liliitwa "Kuhakiki picha kabla ya kuiamini." Alilitazama dakika mbili, mwalimu akikohoa, akaona linamchelewesha. Akaruka mpaka la nane, la kuchapisha ramani mtandaoni, maana hilo ndilo alilolitaka. Siku mbili nzima alichagua rangi. Kile kipande cha mita nne alikipaka wekundu wa damu, na juu ya ramani akaandika: "Ardhi ya Marehemu Iliyoliwa na Kaka Yake." Kisha akatuma kiungo kwenye kundi la simu la ukoo, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshakuwa mwepesi, akatuma na kwenye kundi la mtaa.

Ramani ikasambaa kuliko alivyotarajia. Watu waliikuza kwenye simu zao wakihesabu matofali. Watoto wa shule wakaanza kumwita baba mkubwa Bwana Mita Nne. Kamati ya maji, aliyoiongoza miaka tisa, ikakaa bila yeye na kuchagua mwenyekiti mwingine. Mjomba mmoja wa mbali, ambaye hakuwa ameandika neno kundini tangu lianzishwe, aliandika "Aibu" na kunyamaza tena. Kiroboto alisoma kila ujumbe mara tatu. Tusidanganyane, kisasi ni kitamu, na yeye alikilamba hadi sahani. Akawa anapita mbele ya geti la baba mkubwa taratibu, makusudi, akipiga mluzi.

Mama peke yake hakufurahi.

"Ulimuuliza kwanza?"

"Kwani yeye alikuuliza alipokuzibia njia?"

Mama aliutazama mkono wake, ambao bado ulikuwa haujapata nguvu, akarudi kwenye kazi zake.

Baba mkubwa hakujibu neno kundini. Siku ya kumi na moja alileta mpima ardhi, akaalika ukoo na kamati ya mtaa, saa nne asubuhi. Kiroboto alivaa gauni lake zuri, akatoka na kompyuta mpakato aliyoazimwa na bosi wake ameikumbatia kifuani. Alikuja kumwona adui yake akivuliwa nguo hadharani.

Mpima alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kofia pana. Kompyuta hakuitazama. Alikwenda na jembe kwenye kona ya mbele, akachimba kidogo, akagonga zege lenye nondo katikati. Jiwe la mpaka. Akalitafuta la nyuma, akalipata pia. Akasimamisha mashine yake ya kupimia juu ya fimbo, akasoma, akatembea, akasoma tena. Ndipo akaomba kuiona ramani.

"Namba umeziingiza vizuri sana," alisema, na Kiroboto akavimba kichwa. "Ila picha ndiyo imekaa vibaya. Hizi picha za bure husogea. Hapa imesogea mita nne kuja kwenu, na kila kilichomo kimesogea nayo. Hukupima kitu chochote huku chini kabla ya kuichapisha?"

Kiroboto alilikumbuka somo la saba.

"Kwa hiyo ukuta uko wapi?" aliuliza mwenyekiti mpya wa kamati ya maji.

"Juu ya mstari wenyewe. Isipokuwa hapa." Mpima alionyesha nyuma ya chumba cha mama, ambapo ukuta ulipinda kwenda upande wa baba mkubwa, ukakizunguka chumba, kisha ukarudi. Mtaa mzima uliujua mpindo ule, na mtaa mzima ulisema fundi alikuwa amelewa. "Mstari unapita ndani ya chumba hiki. Mita moja na nusu ya chumba iko kwenye kiwanja cha mzee huyu."

Watu wote wakamgeukia baba mkubwa.

"Nilijua," alisema. "Nilipima kabla ya kujenga. Marehemu alipojenga chumba hiki alipima kwa hatua, na kila alipoelekea kwangu hatua zilirefuka. Nikamwambia fundi azunguke, shemeji alale kwake kwa amani. Sikumwambia mtu."

"Na njia?" Kiroboto alifoka, sauti ikimpasuka. "Mama alivunjika mkono!"

"Njia niliiziba kwa roho mbaya." Hakupepesa macho. "Nalikubali hilo mbele ya watu. Ungekuja kunitukana kwa hilo, huenda ningefungua mlango kwenye ukuta. Wewe hukuja. Uliniita mwizi mbele ya ukoo mzima, kwa ramani. Sasa na mimi nataka ramani ifuatwe. Ukuta utanyooka."

Walimsihi. Shangazi mmoja alipiga magoti kwenye vumbi na vitenge vyake vya kutokea. Lakini baba mkubwa alikuwa na roho mbaya kweli, na kwa mara ya kwanza alikuwa na haki pia, akazishika zote mbili kwa nguvu. Mpima alipotoa kopo la rangi ili achore pa kubomoa, alimzuia.

"Mpe yeye. Si ndiye amesomea? Achore."

Mpima alimwonea Kiroboto huruma, lakini alimpa kopo. Kisha akaingia chumbani kwa mama, akaweka nukta mbili na kuvuta kamba kati yake. Kabati likasogezwa. Kamba ilishuka ukutani, ikatambaa sakafuni, ikapita chini ya kitanda cha mama, upande wa mto wa kulalia.

Kiroboto alipiga magoti. Baba mkubwa alikuwa mlangoni akitazama, na Kiroboto alimchukia kuliko siku ile ya tofali la mwisho, ila sasa hakujua chuki hiyo aipeleke wapi. Mama alikisukuma kitanda kwa mkono wake wenye nguvu, akaja kuchutama kando yake. Kiroboto alisubiri atukanwe. Alitamani atukanwe.

Mama alishika ncha ya kamba iliyokuwa imelegea, akaibana sakafuni kwa kidole.

"Nyoosha vizuri, mwanangu," alisema. "Asije akarudi kupima tena."