Sentensi ya Fundi Bomba

Nilimtambua akiwa amekaa studio kwangu, amekuja kupiga picha ya kitambulisho. Nilimwambia, "Mzee, tazama hapa, usicheke." Akakodoa macho, mdomo ukabaki nusu wazi, na mimi nusura niangushe kamera. Uso ule naujua kuliko nyuso za shemeji zangu. Alikuwa Fundi Bomba!

Wasiomjua nawaeleza, ingawa wananiudhi. Zamani kulikuwa na mchezo wa kuchekesha kwenye televisheni, wa mama mwenye nyumba na wapangaji wake wakorofi, na kila wiki alikuja mgeni mmoja: mara bibi harusi aliyetoroka, mara askari mwoga. Fundi Bomba alikuja kuzibua sinki. Alitakiwa kusema sentensi moja tu. Akaitazama kamera, akaduwaa, na mama mwenye nyumba akaokoa jahazi: "Jamani, kumbe kilichoziba ni fundi!" Watu walivunjika mbavu, na kipande kikarushwa vilevile.

Sisi mashabiki kumi na wawili hukutana studio kwangu kila Jumapili mchana kurudia vipindi vile. Desturi yetu ni kutomwacha mwigizaji amalize. Tunamtangulia kwa sauti, na anayewahi ndiye bingwa. Bingwa kwa kawaida ni mimi.

"Kuna watu wanakukumbuka, mzee," nikamwambia. "Njoo Jumapili."

Akacheka kwa haya. "Mimi? Nilionekana dakika moja, mwanangu, tena niliaibika. Kazini waliniita Kilichoziba mpaka nikastaafu." Akainuka kitini. "Lakini nikija, mtanipa nafasi niiseme ile sentensi yangu? Mke wangu kaisikia jikoni tu. Anataka aisikie mbele za watu."

"Bila shaka, mzee wangu."

Alipotoka tu nikawaandikia wenzangu: msikose, namleta Fundi Bomba mzima mzima, tutacheka tufe. Hayo ndiyo niliyoandika.

Alikuja amevaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, spana mkononi. Mkewe, mama mfupi mwenye miwani, aliketi pembeni karibu na taa, mkoba mapajani. Tulipiga makofi. Dada mmoja wa benki akawasha simu arekodi. Mzee akasimama mbele ya pazia langu la kupigia picha, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Jamani, kumbe kilichoziba ni fundi!"

Tulimtangulia kwa kelele hadi madirisha yakatikisika. Hakuna aliyepanga, ndivyo tulivyozoea. Nilicheka mpaka nikashika meza, na nilipofuta machozi nikaona mkono wenye spana umeshuka. Mzee alikuwa anatabasamu kwa adabu, akingoja tumalize.

"Samahani, mzee. Rudia, tunakusikiliza. Nyamazeni, jamani!"

"Imetosha, mwanangu," akasema. "Mmefurahi, nami nimefurahi."

Akamshika mkewe mkono, wakatoka. Soda zao zilikuwa hazijafunguliwa. Mlangoni yule mama alinitazama, akasema polepole, "Asante kwa mwaliko." Afadhali angenitukana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni dada wa benki aliituma video, na vicheko vikamiminika kwenye kundi. Mimi niliitazama peke yangu, mlango nimeufunga. Mzee anafungua mdomo. Pembeni, kwenye kona ya picha, midomo ya mkewe inakwenda pamoja na yake. Kumbe ndiye aliyekuwa akimfanyisha mazoezi. Wanasema maneno mawili, pengine matatu. Kisha inaingia sauti moja kabla ya nyingine zote, yenye pupa ya kushinda. Ni yangu. Yule mama anafunga mdomo na kuinamisha kichwa.

Nimeirudia mara nyingi, sikio kwenye spika, nipate alichokuwa akisema. Sipati kitu, nimemfunika kabisa. Kwenye kanda ya zamani nako sentensi yake haimo, maana hakuisema. Nikawauliza wenzangu wote, sisi tunaojitapa kwamba tunajua kila neno la mchezo ule. Hakuna anayeijua sentensi ya yule mzee. Na siku ile alipokaa mbele yangu akaniomba nafasi ya kuisema, hata sikumuuliza inasemaje.