Alama za Tupa

Nimelala ndani ya Landrova miaka ishirini na sita. Sijisifu, ni kwamba sikuwahi kujenga. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, na cherehani ziko kila mahali, kwa hiyo nafuata minada: leo Mbulu, kesho Mto wa Mbu, wiki ijayo Karatu. Nyuma kuna godoro, jiko, sanduku la vifaa na picha ya marehemu mama. Gari lenyewe ni la mwaka sitini na saba. Nililinunua likiwa limeshazeeka, tukaendelea kuzeeka pamoja.

Mwaka huu mvua zilipokatika niliingiza mkono chini ya gari, ukatoka na kipande cha chasisi. Kutu tupu. Nikakaa palepale kwenye nyasi. Chasisi ikikatika, mtu mwingine anapoteza gari. Mimi napoteza nyumba.

Garaji Karatu ni nyingi, kwa sababu ya magari ya watalii. Fundi wa kwanza alilizunguka gari, akagonga bodi kwa kidole.

"Mzee, hii tunaikata katikati, tunairefusha, tunaweka paa la kufunguka. Unabeba wageni saba."

"Sibebi wageni. Nalala humo."

"Basi utalala umejinyoosha!"

Wenzake wakacheka. Hata mimi nilicheka, nikawasha gari nikaondoka.

Wa pili akaniunganisha na meneja wa loji fulani, ambaye alitaka kuliweka getini: injini itoke, udongo ujazwe, wapande maua, wageni wapige picha. Nikamwuliza mimi nitalala wapi, katikati ya maua? Akadhani natania.

Wa tatu ndiye aliyenitisha. Mpole, ananiita baba, eti niache ufunguo nirudi baada ya mwezi. Nyuma ya ukuta nikaona Landrova nyingine kama yangu, imebaki mifupa. Nikauliza mwenyewe yuko wapi.

"Huwa anakuja kila Jumatatu kuuliza," akasema, wala hakuona haya.

Ufunguo nikaurudisha mfukoni.

Nina rafiki Mmaasai wa Endulen, Supeet, anayekuja mnada wa Karatu kuuza ng'ombe. Nilimweleza habari hizi tukila nyama.

"Kwani gari lako halina alama?" akauliza.

"Lina namba."

"Namba ni ya serikali. Nasema alama yako. Ng'ombe wangu akichanganyika na mia nne kwenye maji, namjua kwa mikato ya sikio. Wewe unataka kumpa mtu mali haijakatwa sikio, halafu unaogopa wizi?"

Nikanunua tupa ya kukatia chuma. Siku mbili nilijilaza chini ya gari, nikakata mikato miwili midogo kwenye kila chuma kinachofunguka: gia boksi, dinamo, springi, bawaba za milango. Kisha nikaenda kijiji cha Daa, ambako mama mmoja mshonaji alinielekeza kwa fundi Adrian, Mchagga wa Rombo. Mama huyo alisema fundi hagusi gari lolote ila Landrova za zamani, na kwamba ana mdomo.

Mdomo anao. Mchagga na Mpare ni watani, na aliposikia natoka Usangi, Upareni, salamu ziliishia hapo.

"Mpare! Umeendesha hii mpaka imekufa ili usilipe nauli ya basi!"

"Mangi," nikamwita kwa cheo cha machifu wao, "nimezunguka Karatu nzima natafuta mwizi mwenye uzoefu. Wote wamenielekeza kwako."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Na nati moja ikipotea?"

"Nauza ng'ombe wa ukoo mzima, tunakutana mahakama ya rufaa."

"Hilo najua. Baba yangu alishitakiwa na Mpare kwa ajili ya kuku."

Kisha akaingia chini ya gari na tochi, akakaa huko nusu saa. Alipotoka utani ulikuwa umemwisha.

"Chasisi upande wa kulia naunda upya. Injini ni nzima, siigusi. Niachie wiki sita. Na usikae hapa kunitazama, nitakosea."

Maneno yaleyale ya yule mpole: acha gari, nenda. Lakini huyu alikuwa ametumia nusu saa chini ya gari, na uwanjani kwake sikuona mifupa. Nikaacha ufunguo.

Wiki sita nilipanga chumba mjini. Chumba hakitikisiki upepo ukipita, na ukichoka nacho huwezi kukiwasha. Usingizi ulinikataa. Nikifumba macho naona maua, au mifupa.

Siku ilipofika nilikuta gari limesimama juani, kijani kilekile kilichopauka. Nilikuwa nimemwomba asipake rangi. Sikumsalimu hata Adrian, nikaanza kupapasa. Gia boksi, mikato miwili. Dinamo, ipo. Springi, zipo. Nikafika mlango wa nyuma, ule ninaoingilia kulala. Bawaba zote mbili laini, hazina kitu, kama sikio la ndama wa jana.

"Mangi," nikasema, na sauti haikuwa ya utani. "Bawaba zangu ziko wapi?"

Akafuta mikono, akaingia stoo, akarudi anaburuta gunia. Akalimwaga miguuni pangu. Bawaba zangu zilikuwemo, zimelika mpaka nyembamba kama kucha. Vipande vya chasisi, bushi, boliti. Kila kimoja kimefungwa kitambaa kilichoandikwa kwa kalamu kilikotoka: *mlango wa nyuma, juu. Mlango wa nyuma, chini.* Na kwenye bawaba zile, mikato yangu miwili.

"Mpare hatupi kitu," akasema. "Nilijua utaviulizia."

"Kwa hiyo alama uliziona."

"Siku ya kwanza! Nikamwambia mke wangu, leo nimeletewa mbuzi aliyekatwa masikio, ana injini. Na unakata vibaya. Boliti moja nusura uiharibu meno."

Nikaona aibu, lakini kifua kilikuwa kimeshafunguka. "Sasa si ungeziweka na kwenye hizi mpya?"

"Mimi? Alama ni ya mwenye mali. Nikiiweka mimi, kesho utaiaminije?" Akaninyooshea tupa.

Nikapiga magoti nyuma ya gari. Chuma kipya ni kigumu, na yeye amesimama juu yangu ananikosoa: nyoosha mkono, taratibu, hukati muwa. Nilipomaliza nikafungua mlango. Haukulia. Miaka yote ile ulikuwa unalia. Ndani, godoro palepale, sanduku palepale, na picha ya mama Adrian ameifunika kwa gazeti isiingie vumbi.

"Ngoja nijaribu tu," nikasema, nikajilaza.

Ilikuwa saa sita mchana, pembeni mtu anagonga bodi kwa nyundo. Cha mwisho nilichosikia ni Adrian: "Mpare! Leo kulala hapa ni bure, lakini usizoee!"

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili.