Kumfundisha Paka wa Tshego

...na si kwamba hajui kupiga magoti, katika nyumba hii amepiga magoti mpaka yameota sugu, kwa kupiga deki, kwa kusugua choo, kwa kuokota makombo chini ya meza, lakini kumpigia magoti paka, hilo ni la leo, Kelebonye anawaza, na anazamisha kucha zake kwenye kamba ya katani iliyozungushiwa kigogo, anazivuta chini, krrr, anazirudisha juu, krrr, kama Mama Mdogo alivyomwagiza, na Mama Mdogo kaagizwa na binti yake Tshego kwenye simu, kwa sababu Tshego amesoma mahali kwamba ukitaka paka aache kuparura makochi umpe kigogo chake mwenyewe, na asipokielewa kigogo umwonyeshe kwa vitendo, ukwaruze wewe mbele yake mpaka aige, na paka mwenyewe, Kgosi, yaani Chifu, ndilo jina Tshego alilompa, amejilaza kwenye zulia anamtazama kwa jicho moja, jingine limelala... "Mtazame usoni, Kele, usitazame ukuta, ataelewaje kama humtazami?" hiyo sauti inatoka kwenye kochi, Mama Mdogo mwenyewe, amekaa na vidole vyake vimetanuka hewani kama mtu anayekausha mboga, maana jana amebandikwa kucha za saluni, nyekundu, ndefu, kwa ajili ya Jumamosi, na kucha za namna hiyo hazikwaruzi chochote, hata kujikuna kichwa anatumia mpini wa kijiko, kwa hiyo kucha za kufundishia paka ni za Kelebonye, fupi, zimeliwa na sabuni, na tayari mojawapo imepasuka ukingoni na kamba inaingia kwenye mpasuko kama sindano, lakini hasemi, hajazoea kusema. "Mma, huyo mtoto akizidi hapo ataanza kunywa maziwa kwenye kisahani," anasema Mma Ditiro, jirani wa nyumba ya pili, mdomo umejaa gwinya, andazi la kukaanga, na wote wawili wanacheka, "na akianza kukamata panya unipe mimi, kwangu wamejaa," wanacheka tena, na Kelebonye naye anatabasamu, kwa nini anatabasamu, midomo yake imejitanua yenyewe, ameichukia... krrr, krrr... na huyu paka, tangu aletwe, mambo yote yamekuwa yake, samaki wa kopo ni wake na Kelebonye anakula uji wa mtama na mboga ya majani, morogo, dirisha lisifungwe Kgosi anapenda upepo, redio isipigwe Kgosi anashtuka, na makochi haya ya rangi ya maziwa yameletwa kwa ajili ya posa ya Tshego, Jumamosi wakwe wanakuja, wamama wa upande wa mchumba na mashali yao mabegani, na kila mtu hapa Gaborone anajua kwamba wamama wa posa hawakai kwenye makochi, watakaa chini kwenye mikeka, miguu imenyooshwa mbele, kama walivyokaa mama zao, kwa hiyo kochi linalolindwa usiku na mchana halitakaliwa na mtu, ni la kuonekana tu, na kwa hilo la kuonekana Kelebonye ameshajaribu kila kitu, maganda ya machungwa, Kgosi akayanusa akaendelea, gundi ya karatasi, ikanasa nywele za Mama Mdogo, chupa ya maji ya kurashia, Kgosi akalowa akakimbilia kukaukia kwenye kochi lile lile, na pilipili, ee, pilipili, aliipaka nyuma ya kochi kwa kitambaa kwa nia njema kabisa, Mama Mdogo akaegemea, akajipangusa jicho, na kofi lilimkuta Kelebonye bado ameshika kitambaa, "unataka kunipofusha kwenye nyumba yangu," akaambiwa, na paka akawa juu ya kabati analamba mguu... mfundishe kwa upole, anasema Tshego kwenye simu, paka hapigwi, paka akipigwa anaharibika akili, mpe muda... upole, muda, Kelebonye angependa kujua nani alimpa yeye muda, alikuwa kidato cha tatu, mtihani unakaribia, ameshika somo la sayansi mpaka mwalimu wa darasa akamwita mbele aeleze moyo unavyosukuma damu, ndipo Mama Mdogo akafika kijijini kwao Bobonong na mkoba wake, amefanyiwa upasuaji, anahitaji mtu wa kumshika mkono, "ni hadi nisimame vizuri tu, dada, Januari nakurudishia mtoto wako," na mama yake Kelebonye hajawahi kumshinda mdogo wake kwa maneno hata siku moja, akafunga nguo za mtoto kwenye kitenge, na Januari ikaja Mama Mdogo ameshasimama vizuri, anacheza hata kwenye harusi za watu, akasema Januari ijayo, na Januari ijayo ndiyo hii inayokuja, na mwalimu wa darasa alituma salamu kwamba nafasi yake bado anaishikilia ila haitakaa milele, ndiyo maana anakwaruza, ndiyo maana anavumilia, avumilie vizuri, asijibu, asinune, mvua zianze, zimpeleke mpaka Januari... krrr... "Kwa chini zaidi, Kele, paka ni mfupi," na anainama zaidi, kidevu kinakaribia zulia, uso wake na uso wa paka sasa ziko sawa, paka anapiga mwayo, meno madogo safi, pumzi ya samaki. "Na Tshego akishaolewa je," anauliza Mma Ditiro, anajimiminia chai, "si atahamia Francistown kwa mume, huyo paka utabaki naye wewe?" na Mama Mdogo anasema, "Nibaki naye wa nini, paka anaenda na mwenyewe," chai inakorogwa, kijiko kinagonga kikombe, "anaenda na paka, na anaenda na Kele," na mkono wa Kelebonye uko katikati ya kamba, haujafika chini, haujarudi juu, "...Tshego kazi yake unaijua, anatoka alfajiri, nani atamshikia nyumba, nimeshamwambia mama wa mchumba kwamba binti yangu anakuja na mtu wake." "Na shule yake huyu, mma?" "Shule gani tena, mma, wenzake wameshamwacha, akakae na watoto wadogo darasani na matiti yale?" na Mma Ditiro hacheki safari hii, anakohoa tu, anavuta sahani ya magwinya karibu, na yeye Kelebonye yuko hapo hapo, ungemgusa kwa mguu, hawakushusha hata sauti, kama vile mtu hashushi sauti mbele ya kochi... "Mbona umeacha?" "Kucha inauma, Mama Mdogo." "Inauma, kwani una kucha wewe? Endelea, ameshaanza kuangalia." Na anaendelea, kwa sababu mkono unajua njia, krrr, juu, krrr, chini, na ndani kumekuwa baridi, baridi safi, kama chumba kilichotolewa vitu vyote, na anamtazama paka machoni kama alivyoambiwa, na paka haigi, wala hataiga, amepewa kigogo akakikagua akaona si anachokitaka akarudi kwenye anachokitaka, wakamrashia maji akarudi, kochi likapakwa pilipili akazunguka akarudi, na mtu waliyemfundisha wakafaulu ni yeye, yeye ndiye aliyepewa Januari ya kukwaruza akaikwaruza kimya, ikaisha akapewa nyingine, na kila aliporashiwa maji kidogo alikaa chini akasema ndiyo Mama Mdogo, na sasa anapelekwa Francistown na kopo la samaki mkono mmoja na kigogo mkono mwingine... si mjinga, si mjinga huyu mnyama, amemchukia bure, ila bado anamchukia, zote mbili ni kweli... na Jumamosi nani anakuja, anajiuliza, haraka, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, Jumamosi anakuja Mjomba Gabaake kutoka malishoni, kaka yao wote wawili, wa mama yake na wa Mama Mdogo, na bila mjomba hakuna posa, mjomba asipotia neno wakwe watainuka na mashali yao warudi walikotoka, na mjomba wa Tshego ni mjomba wake yeye pia, damu ile ile, hilo hakuna wa kulikata, na atakayepita na beseni na birika ili wanaume wanawe mikono kabla ya chakula ni yeye, nani mwingine, Mama Mdogo na zile kucha... hatamharibia Tshego, Tshego hakumkosea kitu zaidi ya paka, ataacha wakwe waseme yao, wajibiwe, wakubaliane, na hapo, wote wamekaa, wote wameridhika, Mama Mdogo sauti yake ikiwa ile ya asali ya mbele za watu, hawezi kupiga, hawezi kufoka, hawezi hata kukunja uso mama wa mchumba akimwangalia, hapo atasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, Mjomba, naomba... hapana, ameomba sana, kuomba ndiko kulikomfikisha kwenye zulia hili... Mjomba, Mama Mdogo aliniahidi... hapana, watamgeukia Mama Mdogo na Mama Mdogo kwa maneno hashindwi... anajaribu tena, chini, juu, neno moja kwa kila mvuto, na vidole vinauma vizuri sasa, uchungu umekuwa wa kwake. "Unacheka nini?" anauliza Mama Mdogo. "Sicheki, Mama Mdogo." "Kgosi anakuelewa?" "Anaelewa." "Unaona, Mma Ditiro, nilikwambia, ni kuwa na subira tu," na chai inamiminwa tena, na paka amefumba na lile jicho la pili, na Kelebonye bado yuko magotini, anakwaruza, ameshalipata, linaingia kwenye pumzi moja: Mjomba, Januari narudi shule, mwalimu ananisubiri, niambie unanipeleka wewe au nakwenda mwenyewe.