Mjukuu wa Meza ya Kobalti

Katika ghala la kuchambulia kobalti kulikuwa na mchezo ambao mgeni asingeuelewa. Simu ya mtu yeyote ikilia, wanawake wa meza ndefu, mikono imetota tope jeusi, walipaza sauti kwa pamoja: "Mjukuu wetu huyo!" Walishaambiwa kwamba mawe wanayoyachambua huenda ng'ambo kutengenezewa betri za simu na vifaa vingine vya kuchaji. Dalali akija na simu yake ya bei mbaya, walimwambia aiambie iwaamkie bibi zake. Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini ulisahaulisha maumivu ya mgongo.

Aliyeuanzisha ni mnyapara wao, mwanamke asiyeishiwa maneno. Kwa kazi hiyo alimsomesha mdogo wake wa kike, baada ya mama yao kufa kwa kifua kilichojaa vumbi la machimbo. Ada ilipomshinda, wenzake wa mezani walimjazia ndoo zake juu ya zao ili alipwe zaidi. Sasa mdogo mtu ni mhandisi wa betri huko mbali. Nyumbani walimwita Profesa tangu hajang'oa meno ya utoto.

Mwezi huo malori yalikuwa yamepungua, na kila mtu alikuwa na sababu yake: mvua, bandari, uroho wa madalali. Kiwanda cha sabuni cha jirani kilikuwa kinaajiri, mwisho kesho. Wanawake wakamuuliza mnyapara: tuondoke au tubaki? Bosi alikuwa amemwapia kwamba mambo yatakaa sawa. Akawaambia atawajibu asubuhi, ila moyoni alishaamua wabaki.

Jioni Profesa, aliyekuja likizo, akamtolea zawadi sandukuni: taa ya kuchaji.

"Mjukuu wetu huyo!" mnyapara akashangilia, akaibusu kabisa.

Profesa hakucheka. "Si wenu, dada. Betri yake ni ya chuma na fosfeti. Haina kobalti hata chembe."

"Basi haidumu hiyo."

"Inadumu sana, tena ni rahisi. Viwanda vingi vinahamia kwenye betri za aina hii. Kobalti bado itatakiwa, lakini si kama zamani."

"Na nani kaitengeneza?"

"Mimi na wenzangu."

Mnyapara akaiweka taa chini. "Jiwe limekusomesha, mdogo wangu, halafu unatuzibia riziki?"

"Kila nilipofungua kitabu nilisikia kikohozi cha mama," Profesa akasema. "Nilitaka asipatikane tena mtu wa kulihitaji jiwe lile. Meza yenu sikuiwazia, dada. Naona aibu."

 Mnyapara alikuwa na hasira, hasira hasa, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuweza kuichukia ile taa. Mama yao angeipenda.

Asubuhi akaenda nayo kazini. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anasubiri kusikia wafanyakazi wake wakitulizwa. Mnyapara akaiwasha taa katikati ya meza.

"Mjukuu wetu huyo!" meza nzima ikalipuka.

Akawaacha wacheke mpaka wakamaliza.

"Hapana," akasema. "Huyu hana jiwe letu hata kidogo, na ndugu zake wanakuja wengi. Malori hayajachelewa, jamani; hayatarudi kama zamani. Nendeni kwenye sabuni leo, kabla hawajafunga."



Mwanamke mzee kuliko wote pale mezani akaifuta mikono yake kwenye aproni, kisha akaichukua taa na kuigeuzageuza. "Na nani kakizaa kitu hiki?"

Mnyapara alitamani kusema hajui. Alimtazama yule mzee, ambaye alimjazia ndoo nyingi kuliko wengine wote.

"Mdogo wangu," akasema. "Yule tuliyemsomesha hapa."

 Yule mzee akairudisha taa mezani polepole na kuanza kufungua aproni yake.

"Basi ni mjukuu wetu," akasema.