Nusu ya Pili ya Picha

"Usiniambie ulisinzia, Fundi. Hata aliyesinzia angeamshwa na kelele zile."

"Sikusema nilisinzia, Mama Tatu. Nimesema pengine ile picha sikuitazama vizuri."

"Vizuri! Mjane anamwagiwa pombe kichwani, anachezeshwa kama nyani, na wewe hukuona vizuri? Una kengeza?"

"Punguza sauti basi. Leo Jumapili."

"Jumapili ya nani? Wewe Mwislamu, mimi Mwislamu. Mwenye Jumapili ni Bwana Habakuki, naye kaacha kanisa kaja kusikiliza."

Habakuki, karani wa stesheni ya Korogwe, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na Biblia mapajani. Akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa napita tu," alisema.

"Unapita tangu saa tano asubuhi."

Fundi Sadala hakuinua uso. Alikuwa anakanyaga cherehani isiyo na uzi, na sindano ilipanda na kushuka juu ya kitambaa bila kushona chochote. Mwantumu, huyo Mama Tatu, alikwisha kuliona hilo, nalo lilimuudhi zaidi. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja na kwenda zake kazini, lakini leo alikuwa amesimama mbele ya baraza hii kwa nusu saa nzima, na kila alipofumba macho aliyaona yale mafuta ya nyama.

Baraza ya Fundi Sadala ndiyo iliyokuwa baraza ya wapenzi wa picha mjini Korogwe. Kila mwezi ukumbi wa shamba la mkonge ulileta picha moja kutoka Tanga, na kwa kuwa kamati ya ukumbi haikujua kutofautisha picha ya kauboi na ya kareti, ilichukua ushauri hapa. Habakuki alipendekeza za kauboi siku zote, kwa sababu zina farasi wengi na maneno machache. Mwantumu, bibi maendeleo mwenye stashahada yake ya chuo, aliwahi kupendekeza picha moja ya Kirusi ya wanawake waliochimba mfereji. Ukumbi mzima ulilala. Gregori, mwendesha mashine, alilala pia, mkanda ukaisha ukabaki kupigapiga hewani. Tangu siku hiyo Mwantumu aliacha kupendekeza, akabaki kumsikiliza Sadala.

Maana Sadala ndiye aliyekuwa bingwa. Jumamosi moja kila mwezi alipanda basi la alfajiri kwenda Tanga kununua nyuzi na vitambaa, na saa tisa alasiri aliingia sinema. Akirudi aliisimulia picha siku tatu mfululizo, kwa sauti zote: ya steling, ya jambazi, ya mlango na ya mvua. Tena alijua picha ipi inamfaa nani. "Hii ni ya kwako, Mama Tatu," angesema huku akikata kitambaa, "lakini njoo na leso, mwisho wake ni mzito." Naye alikuja barazani, akasikiliza, akalia, akaenda nyumbani kumsimulia binti yake Tatu.

Ndivyo ilivyokuja picha hii ya mama muuza bangili. Jina lake la Kihindi hakuna aliyeweza kulitamka. Sadala aliisimulia akafika pale mama anapouza bangili ya mwisho, ile aliyovishwa na marehemu mumewe, ili mwanawe anunue kalamu, na hapo Habakuki aliinuka kwenda kupenga makamasi. Mwantumu akafikiria darasa lake la kisomo cha watu wazima, kijijini Kwamndolwa.

Lilikuwa na wanawake kumi na mmoja. Aliwapata mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, akiwaomba kwa waume zao kama anayeposa. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, mwaka sabini na tano, na mtihani wa kisomo ulikuwa Agosti. Wengine walikwisha anza kusoma sentensi nzima. Mwanaidi, mke wa Mzee Rehani, alikuwa anasoma karatasi ya dawa ya mume wake na kumwambia anakosea kuinywa. Mwantumu alitaka kuwapa kitu cha kuwatia nguvu kabla ya mtihani: mama wa bangili na kalamu. Akaiomba kamati ya ukumbi iilete picha hiyo, ya kwanza ya Kihindi kuonyeshwa Korogwe. Ila kwa wanawake wa Kwamndolwa kwenda ukumbini kutazama picha, ilibidi waume waulizwe. Mzee Rehani, ambaye wenzake walimfuata katika kila jambo, alimuuliza swali moja tu: "Bibi maendeleo, hiyo picha wewe mwenyewe umeiona?"

Akajibu, "Nimeiona kwa macho yangu, Mzee." Kwake, kusikia kwa Fundi Sadala kulikuwa sawasawa na kuona.

Jana, Jumamosi mchana, madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa magunia, na wanawake kumi na mmoja walikaa safu ya mbele na kanga zao mpya. Tatu, mwenye miaka kumi na minne, alikaa katikati yao. Nusu ya kwanza ilikuwa ile ile ya Sadala, neno kwa neno, bangili kwa bangili. Wanawake walilia raha yao. Taa zikawashwa, watu wakanyoosha miguu, taa zikazimwa.

Nusu ya pili ikaanza na mdomo. Mdomo wa jambazi, mkubwa kama mlango, ukitafuna paja la mbuzi, mafuta yakichuruzika hadi kidevuni. Jambazi akaagiza mama wa bangili aletwe. Akayafuta yale mafuta vidoleni kwa nywele za mama huyo, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akammwagia pombe kichwani na kumwamuru acheze mbele ya walevi, na yule mama akacheza, nguo imemgandama mwilini, wakimrushia mifupa. Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. Mmoja akapaza sauti: "Gregori, rudisha!" Na Gregori, ambaye tangu zamani alikuwa na desturi ya kurudisha mapigano watu wakipendezwa, akarudisha mkanda. Jambazi akafuta vidole tena. Miluzi ikazidi. Akarudisha mara ya tatu. Mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anacheka huku anajipiga mapaja.

Mwantumu alisimama akapiga kelele taa ziwashwe. Zilipowashwa, wanawake wake walikuwa wamejifunika kanga usoni, wanatoka wakishikana mikono kama watu wanaotoka msibani. Hakuna aliyemtazama. Walipofika mlangoni kwao Tatu akauliza, "Mama, ndiyo hii uliyosema nzuri?"

Asubuhi ya leo alifungua mlango akakuta vitabu kumi na kimoja vya kisomo, vimefungwa kwa kamba ya katani.

"Kumi na kimoja, Fundi," alisema sasa. "Hata cha Mwanaidi. Na wewe ulituambia nini juu ya nusu ya pili? Hebu sema tena, Bwana Habakuki naye asikie."

Sadala aliacha kukanyaga. "Mtoto anakua, anakuwa daktari..."

"Enhe."

"Mama anazeeka, anauza karanga kituo cha treni. Mtoto anashuka kwenye treni, ananunua karanga, anaona kovu mkononi mwa mama..."

"Kovu!" Mwantumu alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Na ile ya mwezi wa tano, ya ndugu wawili waliopotezana?"

"Nayo... kituoni."

"Kwa kovu?"

"La mguuni."

Habakuki alifunga Biblia yake. Alikuwa mtu wa ratiba. Alijua saa za kila treni na kila basi lililokanyaga Korogwe, na uso wake ulianza kubadilika kama wa mtu anayejumlisha. "Fundi," alisema polepole, "picha ya Kihindi ni saa tatu. Inaanza saa tisa. Inakwisha saa kumi na mbili."

"Bwana Habakuki, tafadhali."

"Basi la mwisho linaondoka Tanga saa kumi na moja. Mimi nikitoka zamu jioni, saa moja, nakuona unashuka stendi na furushi lako la nyuzi. Kila mwezi. Tena unaniamkia."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapasua kuni, na kila pigo lilisikika.

"Unatoka wakati wa mapumziko," Mwantumu alisema.

"Nikilala Tanga nani atafungua duka? Nina mke mgonjwa, mnajua."

"Tangu lini?"

"Tangu... mwaka sitini na tisa."

"Zote?"

"Zote nusu." Sadala alianza kusema harakaharaka, kama mtu aliyetua mzigo. "Lakini nusu ya kwanza naitazama vizuri, Mama Tatu, wallahi. Mwisho naupanga kwenye basi. Tukifika Muheza huwa nimekwisha mpata mtoto. Mpaka hapa Korogwe inabaki kuwakutanisha tu. Na nyinyi mlikuwa mnaupenda! Habakuki, hukulia wewe?"

"Nililia," Habakuki alikiri. "Ndiyo sasa naona aibu."

Mwantumu alihisi kinyaa kile kile cha jana. Miaka sita alikuwa amelia kwa ajili ya makovu yaliyochorwa kwenye kiti cha basi. Aliyapeleka nyumbani kwake, akamlaza nayo mtoto. Mawazoni alimwona Sadala amekaa dirishani mwa basi, jasho linamtoka, anagawa mama na watoto huku anatafuna mahindi ya kuchoma. Na mate yalimjaa mdomoni, akatema pembeni, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele za watu tangu utotoni.

"Simama," alisema.

"Niende wapi?"

"Kwamndolwa. Utakwenda kusimama mbele ya Mzee Rehani na wenzake, uwaambie kwamba wewe ni mwongo, uliisifu picha usiyoimaliza. Wake zao warudi darasani. Zimebaki wiki tatu."

Sadala alisimama. Hakubishana. Alivua futi ya kupimia aliyokuwa ameivaa shingoni, akaikunja, akachukua kofia yake. Alionekana mdogo mbali na cherehani yake, na kola ya shati lake, yeye fundi, ilikuwa imechakaa. "Nitasema," alisema. "Ni haki yao. Nitawaambia ulidanganywa."

Mwantumu angeridhika hapo. Alikwisha geuka kuongoza njia. Lakini Habakuki, ambaye hakuweza kuacha hesabu njiani, aliuliza kwa upole, "Samahani, Mama Tatu. Mzee Rehani alimuuliza Fundi?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Huyo mzee anamjua Fundi? Alimuuliza yeye, au alikuuliza wewe?"

Mwantumu alifungua kinywa kujibu. Jibu lilikuwa tayari, refu, lenye sababu zake zote: kwamba kazi ya maendeleo haingoji, kwamba asingesema vile wanawake wasingeruhusiwa, kwamba ni neno dogo lililosemwa kwa nia njema. Akalisikia jibu hilo kichwani mwake, na lilikuwa na sauti ya Sadala. Lilikuwa limepangwa vizuri. Lilikuwa na mwisho wa kupendeza.

Kile kinyaa kilichokuwa kinamtazama Sadala kikamgeukia yeye. Hakukipenda hata kidogo.

"Mimi," alisema. "Aliniuliza mimi kama nimeiona. Nikasema kwa macho yangu."

Hakuna aliyecheka. Sadala alishika kofia yake mikononi, hajui kama aivae au airudishe msumarini.

"Basi twende wote," alisema.

"Wote ili iwe nini? Nikuweke mbele yangu nijifiche?" Mwantumu alijifunga kanga upya kiunoni. "Gregori yuko wapi na ile mikanda?"

"Kaondoka nayo alfajiri. Inaonyeshwa Handeni leo jioni." Sadala alikunja ukingo wa kofia. "Niliwaandikia barua rafiki zangu wa kule. Niliwaambia waje na mama zao."

"Basi la saa sita lipo?"

"Lipo," Habakuki alisema kabla hajaulizwa. "Linachelewa kidogo Jumapili."

"Panda hilo. Kawaambie Handeni yako, mimi naiambia Kwamndolwa yangu."

Sadala aliivaa kofia, akafunga mlango wa duka, akaelekea stendi. Mwantumu hakungoja kumwona anapinda kona.

Alikwenda kwa miguu, juani, bila mwavuli, bila kupita nyumbani kubadili nguo. Njiani alianza kupanga maneno, akajikuta anayapamba, akayaacha. Alipofika Kwamndolwa wanaume walikuwa wanatoka msikitini adhuhuri, wengine bado wanatafuta makubadhi yao. Mzee Rehani alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi, fimbo katikati ya magoti. Upande wa pili wa ua wa makuti sauti za wanawake waliokuwa wanatwanga zilikatika ghafla, mchi mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakumkaribisha.

"Wiki iliyopita uliniuliza kama ile picha nimeiona. Nikasema nimeiona. Sikuiona. Nilisikia kwa mtu, nikakwambia nimeiona kwa macho yangu ili uwaruhusu. Nilikudanganya wewe, nikawadanganya na wao. Wao hawana kosa lolote, na mtihani ni wa kwao, si wangu. Ukitaka mwalimu mwingine, kesho asubuhi nitakwenda ofisini kumwomba. Lakini nakuomba warudi."

Wanaume walisimama na viatu mkononi. Mzee Rehani akamgeukia mzee aliyekuwa ameketi kando yake, mkono umekingwa sikioni.

"Mzee Kibwana hasikii vizuri," alisema. "Naye mkewe yumo darasani. Rudia."

Mwantumu aliangalia ule ua, ambako nyuma yake hakuna aliyekuwa anatwanga. Akasogea hatua moja, akavuta pumzi, na kwa sauti ile ile aliyoitumia darasani ili wa nyuma wasikie, akarudia yote, tangu mwanzo hadi mwisho.