Kasa Kabla ya Kuganduka

Candide alimwomba Nkatha aje nyumbani kwake Rooty Hill, kitongoji cha Sydney, Jumamosi hiyo kwa sababu moja tu: Nkatha hajui Kirundi. Akiwepo mezani, wote wangelazimika kuzungumza Kiswahili.

"Kwa hiyo mimi ni pazia," Nkatha alisema akivua viatu mlangoni. Alikuwa nesi, Mmeru, na walifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee. "Nimetoka shifti, sijalala, nimekuja kuwa pazia."

"Wewe ni mgeni. Mgeni hasemeshwi lugha asiyoielewa. Shemeji yangu Gratien ana mengi, lakini adabu anayo."

Kirundi kina njia nyingi za mwanamke kumjibu ndugu wa mumewe, na hakuna hata moja iliyo fupi. Huinamisha macho, huanzia mbali, huomba radhi kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Kiswahili Candide alikijifunza kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye foleni ya maji, na asiyejua kusema hapana kwenye foleni ya maji hurudi na ndoo tupu.

Mumewe Lazare alikuwa amefariki kwa kiharusi zaidi ya miaka miwili iliyopita. Kwa desturi ya Warundi msiba hauishii makaburini. Huisha siku ya kuganduka, ukoo unapokutana, pombe ikanywewa, na mkubwa wa familia ya marehemu akasema maneno ya kuwarudisha walio hai katika maisha yao. Mpaka siku hiyo mjane hachezi harusini, havai rangi za kung'aa, hasafiri kwa starehe. Kwao kipindi hicho kilikuwa kama mwaka mmoja. Huku Sydney hakikuwa na kipimo. Gratien, mdogo wa Lazare, alitaka maneno yasemwe na baba yao mdogo, mzee Rénovat, aliyeko Kigoma, na mzee Rénovat alikuwa akinyimwa viza. Kila aliponyimwa, kuganduka kuliahirishwa. Mwisho wa msiba wa Candide ulikuwa mikononi mwa ofisa wa uhamiaji ambaye hakujua kwamba kuna msiba.

Hapo ndipo Candide alipoomba likizo, akakata tiketi ya ndege hadi Gladstone, akalipia nafasi kwenye boti ya kwenda kisiwa kidogo cha matumbawe huko kaskazini. Kisha akaandika mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Jumatatu naenda kisiwani kuogelea na kasa. Nitarudi Ijumaa." Gratien alijibu kwa maneno mawili: "Nakuja Jumamosi."

"Si ungewaambia tu ni semina ya kazi?" Nkatha aliuliza. "Aki, mimi nilienda Bali wiki nzima, kina mama wa kanisa wakajua niko kwa maombi ya kufunga."

"Nikisema semina nitakuwa nimekubali kwamba kasa ni kosa."

Gratien alifika na Fiacre, mzee wa kanisa lao la Granville, mtu mpole aliyependa kuwa upande wa kila mtu. Walisalimiana, Fiacre akaomba dua fupi, chai ikamiminwa. Gratien alianza kwa Kirundi. Candide akamwelekezea Nkatha kiganja.

"Shemeji, tuna mgeni."

Gratien alimtazama Nkatha, akaelewa, akameza alichokuwa amekianza. "Karibu, dada," alisema. Kisha: "Mama Gloire, nimesoma ujumbe wako. Nikasema huyu ni mtoto amechukua simu ya mama yake."

"Ni mimi."

"Kuogelea na kobe."

"Kasa. Kobe hukaa nchi kavu."

"Mimi sikuja kusoma wanyama." Aliweka kikombe chini. "Kaka yangu bado hatujamgandukia. Wewe unapanda ndege kwenda kucheza majini. Watu wataniuliza nini?"

"Watakuuliza mbona kuganduka kunachelewa."

Nkatha alikohoa ndani ya kikombe chake.

"Tunamngoja mzee," Gratien alisema. "Unajua."

"Najua. Na mwaka jana, tukimngoja mzee, ulikwenda harusini kule Adelaide."

"Nilikwenda kuwakilisha familia."

"Video tuliiona. Ulicheza mpaka ukavua koti. Hiyo nayo ilikuwa kuwakilisha familia?"

Fiacre alicheka kabla hajajizuia, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Gratien hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyewapeleka hospitali usiku ule wa kiharusi, ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa, na tangu hapo alikata majani ya uani kwa Candide bila kuombwa. Aliamini kwamba desturi zikilegea katika nchi ya watu, hakuna atakayezirudisha. Candide aliliona hilo na hakulibeza. Lakini aliona pia kwamba kamba hiyo ilikuwa imefungwa kwenye mguu wake peke yake.

"Mama Gloire," Fiacre alisema taratibu, "labda kuna sababu. Daktari amekushauri? Presha? Ukitupa sababu, sisi tutajua namna ya kuwaeleza watu."

Lilikuwa daraja zuri, na Nkatha alimkanyaga Candide mguu chini ya meza ili alivuke.

"Presha yangu ni nzuri," Candide alisema. "Niliona kasa kwenye televisheni kazini. Nikajua wanaishi nchi hii hii ninayolipia kodi. Nikaenda bwawa la Mount Druitt, nikajifunza kuogelea pamoja na watoto wa chekechea, mimi mwenye miaka arobaini na saba. Sasa najua. Nataka kwenda. Sababu ni hiyo."

"Unataka," Gratien alisema.

"Nataka."

Gratien alipozungumza tena, hakupandisha sauti.

"Basi sikiliza nami ninachotaka. Mwezi ujao watu wa ukoo wa Irankunda wanakuja kumposa Gloire. Upande wetu unahitaji baba wa kumsemea. Ukipanda ndege hiyo, sitakaa kwenye kiti cha baba. Wala hakuna mwanamume wa ukoo atakayekaa. Watakuja, watakuta kiti kitupu, watarudi kwao."

Gloire, binti wa Candide, alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisikia Kiswahili chote na kujibu, kama kawaida yake, kwa Kiingereza: kwamba yeye si mzigo wa kutishia watu, na kwamba mama yake aende.

"Mwanangu, hujui unachosema," Gratien alimwambia. "Bila sisi kusema, wewe hujatolewa na mtu. Utaondoka hapa kama mpangaji."

Candide alimwona Gloire akigeuka kufungulia maji ya sinki ambayo hayakuwa na kazi, akajua kwamba maneno hayo yalikuwa yameingia. Binti alikuwa amekwisha kuchagua vitenge. Alizitaka zile hotuba ndefu za wazee kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Umesikia?" Gratien alimuuliza Candide.

"Nimesikia."

"Na?"

"Hapana, shemeji. Siahirishi."

Gratien aliinuka, akamshukuru mgeni kwa heshima zote, akaondoka. Fiacre alibaki nyuma kidogo kumalizia chai yake, kwa sababu kuacha chai nusu ni kuonyesha hasira, na yeye hakutaka ionekane kwamba amekasirika.

*

Kisiwa kilikuwa kidogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu kabla chai haijapoa kikombeni. Kiongozi wa wageni, mwanamke kijana aliyeitwa Jacky, aliwaeleza masharti: msiguse, msimfuate kwa nyuma, msimzibie njia ya kupanda juu, kwa maana kasa ni mnyama wa mapafu na asipofika juu atakufa maji kama mtu.

Candide alivaa fulana ya kuogelea ya njano, miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira. Bahari haikuwa bwawa. Haikuwa na ukuta wa kushika. Mita chache kutoka ufukweni sakafu ilishuka ghafla, na mwili wake wote ukataka kusimama mahali ambapo hapakuwa pa kusimama. Alivuta pumzi kupitia mrija, akaitoa, akahesabu kama alivyofundishwa, hofu ikapungua hadi kiwango ambacho mtu anaweza kuogelea nacho.

Kasa alikuwa chini yake akila mwani juu ya mwamba. Alikuwa mkubwa kuliko meza ya sebuleni, gamba limemeguka ukingoni, mabegani ameota ukoga wa kijani. Alikula bila haraka, akikata kwa mdomo mgumu kama mkasi. Kisha akaacha, akapanda. Alipita karibu kiasi kwamba Candide aliona mikunjo ya shingo na jicho jeusi lililomtazama na kumwacha. Juu ya maji alitoa pumzi kwa mlio mfupi, kama mtu aliyemaliza kupanda ngazi, akavuta nyingine, akashuka.

Nkatha alikuwa amemwambia kwamba pengine atalia, au atamhisi Lazare. Hakulia. Hakumhisi Lazare, Lazare alikuwa makaburini, mahali alipomweka. Alichohisi kilikuwa furaha, nayo haikumdai chochote.

Alipotoka majini alimpa Jacky simu ampige picha, na miwani ikiwa bado kwenye paji la uso akaituma kwenye kundi la ukoo. Gratien alipiga simu kabla Candide hajajifuta.

"Njano," alisema.

"Njano."

"Mbele ya ukoo wote. Mzee Rénovat yumo kwenye kundi, unajua?"

"Ndiyo maana nimeituma huko."

Alimsikia akipumua. Nyuma yake mashine za ghala alikofanyia kazi zilikuwa zikilia. "Nilichosema Jumamosi sijakirudisha, Mama Gloire. Kiti kitakuwa kitupu."

"Hakitakuwa kitupu. Nitakaa mimi."

"Mwanamke haketi pale. Hajawahi kukaa."

"Basi watakuwa wamemwona wa kwanza."

"Watakataa kuzungumza nawe."

"Watakuwa wametoka Mount Druitt kuja kuomba mke, Gratien. Wasipozungumza na aliyekaa, watazungumza na nani? Nitawauliza mtoto wao anafanya kazi gani, anakunywa kiasi gani, na anaamka saa ngapi. Wakijibu vizuri, nitawapa binti. Wewe njoo ukitaka. Viti viko vingi."

Lilikuwa jina lake tupu, Gratien, bila shemeji mbele yake. Wote wawili walilisikia.

"Unanivunjia heshima," alisema hatimaye, kwa Kirundi.

"Nakuomba uje," Candide alijibu kwa Kiswahili. "Lakini sikungoji."

Jacky alikuwa akiwaita walio tayari kurudi majini, kwa sababu maji yalikuwa yakipwa na baada ya muda mfupi miamba ingekuwa karibu mno na tumbo la mtu. Candide aliiweka simu ndani ya kiatu, akashusha miwani, akaingia.