Pale Bomba Lilipopinda

Ofisini kwetu, ofisi ya bomba la mafuta, wananiita Mama Mkali. Sawa, mimi mkali, sibishi. Lakini asubuhi ile ya Novemba, mwaka 2002, Anatoli aliponitandazia ramani mezani huku anatabasamu, ukali wote uliniishia.

"Shikamoo, Mama Hadija. Hebu njoo uone kazi yako ilivyotusaidia."

Anatoli alikuwa kijana wa Kasulu, mpimaji wa shirika lililokuwa likipokea wakimbizi. Boti ziliwashusha Kibirizi kila siku, watu wa Uvira, watu wa Fizi, wa ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na mahali pa kuwaweka palikuwa pamejaa hadi pomoni. Sasa walikuwa wamepewa uwanja mtupu nyuma ya Bangwe. Chini ya uwanja ule linapita bomba la dizeli, kutoka gatini hadi kwenye matangi. Anatoli alitumwa ahakikishe hakuna anayelala juu yake. Alichukua ramani niliyoichora mwaka 1978, akaingiza mstari wa bomba kwenye kompyuta, kisha akautembea ule mstari uwanjani na kidude chake cha setilaiti, akipigilia vigingi. Vyekundu, hatari. Vyeupe, salama.

"Mstari umenyooka safi," akasema. "Familia sitini nimeziweka kwenye vigingi vyeupe, upande wa ziwani. Wameshaanza kuchimba vyoo. Kesho meli ya mafuta ikishusha, hatuna wasiwasi."

Niliitazama saini yangu pembeni ya karatasi. Mstari ule ulikuwa uongo, na aliyeuchora ni mimi.

Ngoja niseme ilivyokuwa. Marehemu mume wangu, Nuhu, ndiye aliyekuwa nyapara wa wachimbaji wa bomba. Mimi nilikuwa mchora ramani wa mradi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na moja. Uwanja ule zamani ulikuwa shamba letu la mihogo, kabla mradi haujauchukua. Miezi mitatu kabla ya uchimbaji tulikuwa tumemzika pale binti yetu, Safina. Na wakubwa huko Dar es Salaam walikuwa wameshapitisha njia ya bomba juu yake kabisa. Siku uchimbaji ulipokaribia pale, Nuhu alirudi nyumbani na matope hadi magotini, chakula hakugusa. Akaniambia, "Hadija, siwezi kumfukua." Akalipindisha bomba hatua thelathini kuelekea ziwani, akamzunguka mtoto, kisha akalirudisha kwenye njia yake. Akaniomba nisipindishe mstari kwenye ramani, maana kibali kilisema njia iliyonyooka.

Nikaunyoosha. Baadaye ofisi ikasimika mabango ya HATARI BOMBA kufuata mstari wangu. Kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyelima, aliyejenga wala aliyefunga mbuzi juu ya mwanangu. Wallahi, nilikuwa najisifu kimoyomoyo.

Sasa nilikuwa nimenasa. Nikisema bomba limepinda, wataniuliza limezunguka nini, na mahali pa mwanangu patagawiwa watu. Nikinyamaza, watu watapika juu ya bomba bovu, na kesho linajaa dizeli.

"Nipeleke," nikamwambia Anatoli.

Njiani nikaanza vijisababu. Nikamwambia upande wa ziwani udongo umelowa. Akasema wamechimba, ni mkavu. Nikamwambia kuna nyoka. Akacheka.

"Mama, nyoka watakimbia wenyewe. Watu wale ni wengi kuliko nyoka."

"Anatoli, hiyo ramani ina makosa!"

"Imeandikwa jina lako, mama. Na setilaiti imekubaliana nayo."

"Ala! Setilaiti inaona chini ya udongo? Kidude chako kinasoma nilichokiandika mimi, basi!"

Akapunguza mwendo wa gari. "Haya. Bomba lingepita wapi, na kwa nini?"

Nikageuzia uso dirishani. Akatikisa kichwa, taratibu, kwa heshima, jinsi vijana wanavyomtikisia kichwa mzee aliyechoka, na akakanyaga mafuta. Nilimchukia pale. Nilijichukia zaidi.

Uwanjani maturubai ya buluu yalikuwa yamepangwa kwa safu, na mafiga matatu mbele ya kila moja. Moto ulikuwa unawaka. Mwanaume mmoja, niliyekuja kusikia anaitwa Dismasi, alikuwa kwenye shimo la choo, amezama hadi kiunoni, anashusha sururu. Nilihesabu hatua kutoka kwenye bango la kwanza, kuelekea ziwani. Kumi. Ishirini. Thelathini. Hatua ya thelathini ilinifikisha ukingoni mwa shimo lake.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha hiyo sururu!"

Akanishangaa, akainyanyua tena. Nikavua viatu nikaruka ndani. Mama wa miaka arobaini na nane na kanga zake, shimoni na mwanaume nisiyemjua! Watu wakaja mbio. Anatoli akaninyooshea mkono, "Mama Hadija, tafadhali, unaniaibisha." Nikamwambia sitoki. Atakayepiga sururu ataupiga kwanza mguu wangu. Wachimbe kwa mikono.

Dismasi aliniangalia usoni, kisha akapiga magoti akaanza kufukua kwa viganja. Nami nikafukua naye. Haukupita muda kucha zangu zikagonga chuma.

Bomba lilikuwa limeoza kwa kutu, linatoa majasho meusi. Harufu ya dizeli ikapanda, hata walio juu wakaisikia. Lilikuwa limebaki pigo moja tu la sururu litoboke.

"Zimeni moto!" Anatoli akapaza sauti. Alikuwa amepauka. "Zimeni wote!"

Walimwaga maji, wakamwaga hata uji. Kisha Anatoli akachukua nondo nyembamba, akawa anaidunga ardhini kila hatua tano hadi igonge chuma, na kila ikigonga anapima na kidude chake. Safari hii hakupima karatasi yangu, alipima bomba lenyewe. Saa nzima tulimfuata. Alipomaliza akaniletea kioo cha kidude. Vidoti vilikuwa vimepinda mfano wa kiwiko cha mkono, na ndani ya kiwiko kulikuwa na mahali patupu.

"Basi hapa penye mabango ndipo salama," akasema. Akatazama wingu lililokuwa linatoka upande wa Kongo, jeusi tii. Huku korongo, kule mteremko, na mvua inakuja. "Tuwahamishie hapa. Lakini mama, hili bomba lilikuwa linakwepa nini?"

Jamani, nilitamani kurudi shimoni wanifukie.

"Mtoto wangu," nikasema. "Yupo hapo. Pale penye jiwe."

Anatoli alivua kofia, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Tutapaacha. Nitawatafutia pengine."

"Pengine wapi?"

Hapakuwa na pengine, na wote tulijua. Uamuzi wakaniachia mimi, familia sitini zimesimama na magodoro kichwani. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

Mwanamke mmoja akasogea, mtoto mchanga mgongoni. Nilikuja kujua baadaye anaitwa Marcelina.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chao cha Uvira, "wako iko na siku ngapi?"

Alisema iko. Hakusema alikuwa.

"Arobaini na moja."

"Na jina?"

Miaka ishirini na minne hakuna mtu aliyeniuliza. Hata mimi na Nuhu tuliacha kulitaja, tukiogopa lisije likatuponyoka mbele za watu.

"Safina," nikasema, nikalia hadharani, kwa sauti, mimi Mama Mkali.

Marcelina akaliendea jiwe. Akafunga turubai lake kwa kulizunguka, akiuliza kila kigingi, "Hapa namukanyaga?" Nami namjibu hapana, sogeza kidogo, hapo sawa. Mvua ilipokuja kwa nguvu alinivuta mkono, tukaingia. Alimfungua mtoto wake mgongoni, akamlaza kwenye kitenge, karibu na jiwe.

"Tutalinda yeye," akasema. "Wewe lala kwako."

Kesho yake meli ya mafuta ilisubirishwa, na Anatoli akaniletea karatasi mpya nichore. Niliupindisha mstari, hatua thelathini kuelekea ziwani. Ndani ya kile kiwiko nikaweka alama ya kaburi, nikaandika jina la mwanangu, kisha chini yake nikatia saini yangu.